Msiniambie baiskeli ni mchezo wa wazungu

Leo sina video, nina maneno tu, na najua yatawaudhi watu wawili. Wa kwanza ni mjombangu, ambaye anaamini baiskeli ni ya mtu aliyekosa nauli. Wa pili ni yule jamaa wa komenti ambaye kila nikiweka picha ya mazoezi anaandika "hiyo ni michezo ya wazungu, rudi jikoni." Hawajuani hawa watu, lakini wakikaa meza moja wataelewana vizuri sana.

Hebu angalia vile mambo yalivyo hapa Ziwa la Ng'ombe. Ukipita na baiskeli ya mizigo, watu wanasema maisha yamekupiga. Ukipita na baiskeli ya mbio, helmeti kichwani, wanasema unajifanya tajiri wa Nyali. Chombo ni kimoja, magurudumu ni mawili yale yale, na bado hakuna siku utapita tu kama mtu anayeenda zake. Hata tuktuk ikipita na muziki umefunguliwa mpaka vioo vinatetemeka hakuna anayegeuka. Baiskeli ikipita, kila mtu ana maoni.

Mimi nina miezi minane tangu nianze mbio. Bado ni mgeni kabisa, sijashinda hata soksi. Lakini nishaona ya kutosha kusema hivi: tunajidanganya tukisema kinachotuzuia ni bei ya baiskeli. Bei inauma, sikatai. Ila baiskeli zipo mtaani, na watu wanaojua kuzipanda wapo tele. Kile hatuna ni kundi la kuendesha nalo, na barabara ambayo unaweza kuendesha bila kuaga watu nyumbani kana kwamba unaenda vitani.

Tuanze na hiyo bei, maana ndiyo swali la kwanza mnaloniuliza. Baiskeli yangu ni ya mtumba, ya chuma, rangi imebanduka, niliipata kwa shilingi 18,000 baada ya miezi saba ya kuuza viazi karai na binamu yangu jioni. Haikuja na breki za maana. Fundi wetu wa hapa chini ya mwarobaini alibadilisha waya za breki, akanyoosha ringi ya nyuma, akaweka spoku nne, akaniambia cheni itasukuma miezi mitatu. Imesukuma minane. Baiskeli za mabingwa, sheria ya shirikisho la dunia, UCI, inasema zisipungue kilo 6.8, kwa sababu bila sheria hiyo zingetengenezwa nyepesi mpaka ziwe hatari. Yangu sijawahi kuiweka kwenye mizani, lakini naibeba mpaka ghorofa ya tatu kila siku na mabega yangu yanajua si kilo 6.8.

Ndio, kwenye mbio kuna watu wana baiskeli zinazogharimu zaidi ya gari la mwalimu wangu wa hesabu. Inatisha ukiwa umesimama nao pale mwanzoni. Halafu mnaanza kuendesha, na unagundua adui wa kwanza ni upepo, na upepo hauulizi ulinunua wapi.

Sisi watu wa Pwani upepo tunaujua kwa majina. Miezi ya kaskazi, kuanzia Disemba hivi mpaka Machi, ukitoka Bombolulu kuelekea Mtwapa unaupokea usoni njia nzima, halafu kurudi unasukumwa kama mtu amekushika mgongo. Kusi ikiingia mambo yanageuka: unaenda Mtwapa ukiimba, unarudi ukilia. Babu zetu walisafiri na majahazi mpaka Uarabuni kwa kuhesabu pepo hizo hizo. Mimi nazihesabu nijue kama nitafika nyumbani kabla ya jua kuwa kali. Hakuna mtu wa Nairobi aliyenifundisha hilo. Wao wana milima, sisi tuna hewa nzito yenye chumvi na upepo usiochoka, na ukweli ni kwamba nchi tambarare kama hii haina mahali pa kupumzika. Kwenye mlima angalau kuna mteremko.

Mbio zangu za kwanza zilikuwa upande wa Kilifi, kilomita 40, shindano dogo la vijana. Wanawake tulikuwa watano. Kulikuwa pia na kundi la Black Mamba, zile baiskeli nzito za chuma za kubebea mizigo, na wao waliachiliwa dakika kumi baada yetu. Kumbukeni hizo dakika kumi.

Filimbi ilipolia kundi la mbele lilitoka kama limefukuzwa na nyuki. Nilikaa nao kilomita mbili, tatu, moyo uko kooni. Halafu nafasi kati yangu na gurudumu la mbele ikafunguka. Mita moja. Mita tatu. Ikifika mita kumi imeisha, hata ukikanyaga mpaka macho yatoke huwafikii tena. Nikabaki peke yangu, barabara imenyooka, mkonge huku na mkonge kule, na upepo unanipiga kifuani kama mtu anayenisukuma nirudi kwetu.

Huko nyuma nikasikia cheni inalia kwiki, kwiki, kwiki. Mzee. Kandambili miguuni, keria kubwa nyuma, shati limefunguliwa vifungo. Ameanza dakika kumi nyuma yangu na sasa ananipita! Nikasema shikamoo, maana hata ukiwa umeaibishwa adabu inabaki. Akaitika marahaba bila kugeuka, kisha akasema, "Mwanangu, ingia nyuma yangu. Gurudumu lako liwe karibu na langu. Usiangalie chini, niangalie mgongoni."

Nikaingia. Wallahi ilikuwa kama mtu amezima feni. Miguu ile ile, baiskeli ile ile, lakini ghafla naweza kupumua, naweza kusikia ndege. Tulienda hivyo dakika chache, kisha akainua mkono, akasogea pembeni: "Sasa wewe mbele, nami nipumzike." Nikavuta upepo mimi, yeye nyuma. Halafu yeye. Halafu mimi. Tukaokota kijana mmoja aliyekuwa ameachwa kama mimi, tukawa watatu. Tukaokota dada mwingine, tukawa wanne. Nilimaliza wa nne kati ya wale wanawake watano, na mzee akapata wa tatu kundi lake, akapewa fulana na tyubu mbili. Baadaye tukinywa madafu nikamuuliza alijifunza wapi kuendesha namna ile. Alinishangaa kidogo. Akasema yeye hubeba mnazi, madumu mawili ya lita ishirini kila safari, na wakipeleka mzigo huwa watatu au wanne na wanapokezana mbele. "Peke yako utafika usiku, na mnazi ushachacha."

Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma. Kumbe alichonifundisha mzee yule ndicho kitu chenyewe, ndio mchezo mzima. Mwaka 2018 mtafiti anayeitwa Bert Blocken, wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven kule Uholanzi, alichapisha na wenzake utafiti kuhusu kundi la waendeshaji 121. Walikuta kwamba aliyejificha ndani kabisa ya kundi anapambana na asilimia 5 mpaka 10 tu ya ukinzani wa hewa ambao angekutana nao akiwa peke yake kwa mwendo huo huo. Kundi hilo wenyewe wanaliita pelotoni. Walitumia kompyuta kubwa na handaki la upepo kupata jibu. Wabeba mnazi wa Kilifi walitumia madumu.

Sasa nirudie niliposema mwanzo. Ukiwa na baiskeli ya laki tano na unaendesha peke yako kila siku, unajifunza kuendesha baiskeli. Hujifunzi mbio. Mbio ni kukaa sentimita thelathini nyuma ya mtu bila kuogopa, kujua lini uchukue mbele na lini uache, kuusoma mgongo wa mtu ukajua anataka kushambulia kabla hajainuka kitini. Hayo hayauzwi dukani. Unayapata kwa kuwa na watu, wiki baada ya wiki. Na ndiyo maana kijana wa Ziwa la Ng'ombe aliyejikusanyia pesa akanunua baiskeli yake anaacha baada ya miezi miwili: anapigana na upepo peke yake, anadhani tatizo ni baiskeli, anaiuza. Nawajua wanne waliofanya hivyo. Moja ya hizo baiskeli sasa inauza mkate.

Kwa dada zangu, najua mnachouliza. Mamangu aliponiona mara ya kwanza alisema, "Mtoto wa kike na baiskeli wapi na wapi?" Na yapo yale mengine wanayosema kina mama kuhusu msichana na kiti cha baiskeli, siyaandiki hapa, mnayajua. Mimi navaa suruali ndefu ya mazoezi, fulana ya mikono mirefu, na hijabu nyepesi chini ya helmeti. Haijanipunguzia mwendo. Masomah Ali Zada, msichana kutoka Afghanistan, aliendesha hivyo kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, akiwa kwenye timu ya wakimbizi. Alimaliza wa mwisho kati ya wanawake 25 kwenye mbio dhidi ya saa, na kwangu mimi huyo ni shujaa kuliko nusu ya walioshinda medali, kwa sababu kule kwao alirushiwa mawe kwa kupanda baiskeli. Mimi narushiwa maneno tu. Ila niseme jambo moja: tangu tuwe watatu asubuhi, maneno yamepungua. Msichana mmoja kwenye baiskeli ni kichekesho, wasichana watatu wakipita kwa mstari watu wanasogea.

Mnaosema ni mchezo wa wazungu, mko nyuma ya habari. Biniam Girmay, kijana wa Asmara aliyezaliwa mwaka 2000, alishinda hatua tatu za Tour de France ya 2024 na akaenda nayo nyumbani jezi ya kijani, ile ya pointi. Hakuna Mwafrika mweusi aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Kabla yake mwenzake wa Eritrea, Daniel Teklehaimanot, alivaa jezi ya mfalme wa milima kwa siku kadhaa kwenye Tour ya 2015. Eritrea! Nchi ambayo haitushindi utajiri. Wanachotushinda ni kwamba kwao baiskeli ni kitu cha kawaida cha kwendea kazini na shuleni, na mbio zinapita katikati ya mji, watoto wanasimama kando ya barabara wanaona. Ni kweli baiskeli ililetwa na Waitaliano wakati wa ukoloni. Na mpira tuliletewa na Waingereza, sijasikia mtu akimwambia Olunga arudi jikoni.

Halafu Kigali. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza tangu yaanzishwe, na yakaja hapa kwetu Afrika Mashariki. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5, na kupanda juu kwa jumla zaidi ya mita 5,000. Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda. Lakini namba niliyoipenda mimi ni hii: walianza zaidi ya 160, wakamaliza 30. Watu wanaolipwa mamilioni, wenye madaktari na wapishi wao, walishuka baiskeli kando ya barabara wakasema leo basi. Sasa wewe uliyeachwa kilomita ya tano siku yako ya kwanza unaona haya ya nini?

Na tusisahau kwamba sisi Kenya tulikuwa nao mtu. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akafundishwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, akipanda milima na vijana wa kijijini. Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2006 Melbourne aliendesha akiwa na jezi ya Kenya. Mwaka 2008 akahamia leseni ya Uingereza, na Tour de France nne alizoshinda, 2013, 2015, 2016 na 2017, zimeandikwa Uingereza. Watu wakisikia hadithi hii wanasema "ah, si ni mzungu." Mimi naangalia upande wa Kinjah. Kwamba mtu mwenye rasta, kwenye nyumba ndogo iliyojaa vipuri, alikuwa na ujuzi wa kumlea bingwa wa Tour de France. Ujuzi ulikuwepo. Kundi lilikuwepo, lile lake la Safari Simbaz. Kilichokosekana ni mashindano ya kutosha na mtu wa kulipa tiketi.

Tufike barabarani, maana hapo ndipo ninapokasirika. Barabara ya Malindi ndiyo tuliyo nayo. Matatu inasimama popote abiria atakapoinua mkono, boda inakuja upande wako ikiwa imepakia watatu, na ule ukingo wa kando unaanza na kuisha bila taarifa. Ndiyo maana tunatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri na kufika saa moja na nusu tuko ndani. Mbio zenyewe tayari zina hatari yake: Suleiman Kangangi, mzaliwa wa Eldoret, nahodha wa Team Amani, aliyekuwa wa tatu Tour du Rwanda 2017, alianguka akafa kwenye mbio kule Vermont, Marekani, Agosti 2022, akiwa na miaka 33. Ukichagua mchezo huu unajua. Lakini kuna tofauti kati ya hatari ya mchezo na hatari ya dereva anayetazama simu. Ya pili hatukuichagua.

Ombi langu kwa kaunti ni dogo mpaka naona haya kuliomba. Jumapili moja kwa mwezi, saa kumi na mbili mpaka saa mbili asubuhi, mfunge kipande cha Links Road. Masaa mawili. Kigali wana siku yao ya bila magari tangu 2016, watu wanakimbia, wanaendesha, wazee wanatembea na wajukuu, na mji haujafa njaa. Najua jibu: watu wanaenda makanisani, watu wanaenda kazini. Sawa. Msafara wa wanasiasa ukipita mnafunga barabara saa nne mchana siku ya kazi, na hatujawahi kuulizwa kama tuna haraka. Na mkifunga, wekeni mbio za Black Mamba ziwe za kwanza, zawadi yake iwe sawa na ya baiskeli za mbio. Waleteni wabeba mnazi, wauza mkate, wale vijana wa maji. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa na baiskeli kule Busia, kuvusha watu mpaka mmoja hadi mwingine, kabla pikipiki hazijachukua jina. Mkishamwona mtu wa mkate akimpita mtu wa laki tano, hayo maneno ya uzungu yatakwisha yenyewe.

Wasipofunga, sisi tutaendelea tu. Tuko watatu na wiki ijayo pengine wanne, kuna kijana wa Mtopanga amesema atakuja akishatengeneza breki, na nimemwambia bila breki asije. Helmeti ni lazima, hata ya mtumba ilimradi haijapasuka. Tende nne mfukoni, chupa ya maji yenye ndimu, chumvi kidogo na sukari. Tunapokezana mbele dakika mbili mbili, na anayechoka hatumwachi. Jumamosi, saa kumi na moja na nusu, stejini Bombolulu. Kusi ishaingia, kwa hivyo kwenda ni raha, kurudi ndiko tutahitajiana.